Tofali Moja Lina Saruji Kiasi Gani?



Nimepewa dakika chache za kuzungumzia matofali kabla harambee haijaanza. Kamati ina bei mbili mezani kutoka kwa wafyatuaji wawili, kwa ajili ya madarasa yetu. Moja ni rahisi kuliko nyingine, na kabla hatujaishangilia ni vizuri tujue urahisi huo unatoka wapi.

Sisi ni majirani wa saruji. Kiwanda cha Wazo kilianza kuizalisha mwaka 1966, na mawe ya chokaa ya kilima kile yalitokana na matumbawe ya kale. Mawe husagwa, huchanganywa na udongo, kisha hupikwa kwenye tanuri refu linalozunguka, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, hadi yatoke vigololi vyeusi viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa pamoja na jasi kidogo, ndiyo saruji. Kila hatua ina kipimo chake, na juu ya hapo kuna viwango vya TBS.

Mfukoni mnaona namba 32.5 au 42.5. Wengi hudhani ni ubora wa ukuta, lakini ni nguvu ya saruji yenyewe ikipimwa kwa utaratibu maalumu: sehemu moja saruji, sehemu tatu mchanga safi, maji nusu ya uzito wa saruji, kisha kipande kikae siku 28. Hapo 32.5 maana yake eneo la sentimita moja kwa moja libebe kilo 330 hivi, yaani zaidi ya mifuko sita ya saruji juu ya ukucha wa kidole gumba. Tofali la mtaani halifiki karibu na hapo, wala halihitaji. Shida ni kwamba vipimo vyote vile huishia getini. Mfuko ukitoka Wazo, unaingia mikononi mwa mtu mwenye koleo, na hakuna aliyemwandikia lolote.

Hesabu ni hii. Tuseme tunahitaji matofali 3,000. Anayetoa matofali 30 kwa mfuko atatumia mifuko 100. Anayetoa 50 atatumia mifuko 60. Kwa macho matofali ni yale yale, inchi sita, yamenyooka, yana rangi ile ile ya kijivu. Ila mifuko 40 haimo ukutani, na bei nafuu tunayoisifu inaweza kuwa ndiyo hiyo mifuko. Simtuhumu fundi yeyote. Mteja asipouliza idadi kwa mfuko, mfyatuaji mwaminifu hushindwa bei na yule anayebana saruji, na sisi wateja ndio tunaomfundisha kubana.

Jambo la pili ni maji. Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Inakamata kwa kushikana na maji, na maji yakipotea mapema kwa jua na upepo wetu wa bahari, kazi hiyo husimama njiani. Tofali lililofyatuliwa Jumatatu likapakiwa Jumatano bila kumwagiliwa lina saruji iliyolipiwa ambayo haijafanya kazi. Linahitaji kivuli au turubai, na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba angalau.

Na hapa Mbweni lazima niseme habari ya chumvi. Mchanga wa pwani usiguswe, na maji ya kisima chenye chumvi yasitumike kwenye zege lenye nondo. Chumvi huifuata nondo ndani, kutu huvimba, zege hupasuka. Hata ukuta usio na nondo hutoa unga mweupe na rangi ikabambuka. Mmeuona mtaani, sina haja ya kuonyesha nyumba ya mtu.

Ombi langu kwa kamati: mkataba uandike aina ya saruji, idadi ya matofali kwa mfuko kama atakavyoelekeza mhandisi, mchanga utoke wapi, na siku za kumwagilia. Tufyatulie eneo la shule, mbele ya macho yetu. Kila fungu lichaguliwe matofali machache yapelekwe maabara kuvunjwa kwa mashine, kwa sababu kuliangusha tofali kutoka usawa wa kifua hakutoi namba ya kumdai mtu.

Kwa hiyo kwenye orodha ya michango mtaona maboza ya maji, turubai na ada ya maabara. Tafadhali msiviruke mkikimbilia mabati, maana bati huonekana na kila mtu hutaka jina lake liwe pale. Anayechangia mifuko badala ya fedha, aangalie tarehe iliyochapwa. Saruji iliyokaa stoo miezi kadhaa kwenye unyevu huu wa pwani ibaki huko huko. Mweka hazina amekaa kule kushoto, chini ya mwembe.