Hasira Isivuke Mwaka

 Zimebaki siku chache kabla mwaka haujatuaga.

Wenzetu wa Ulaya hufunga mwaka katika baridi kuu na usiku mrefu. Huketi karibu na moto wakayatafakari yaliyopita. Sisi wa Voi hatuna theluji. Desemba yetu ni joto na vumbi, na mvua za vuli zikijaliwa kunyesha. Lakini sisi nasi tuna wakati wetu wa kutafakari. Watoto wetu hushuka Voi kutoka Mombasa na Nairobi, kwa gari moshi na kwa basi, kisha hupanda matatu za kwenda Mwatate na Wundanyi. Kule mlimani kuna ukungu, kuna chai ya moto, kuna wazee wanaongoja. Ndipo mtu hukutana na mwaka wake, kwa maana hukutana na watu wake.

Wazee wa Kitaita walikuwa na desturi iliyoitwa kutasa. Mtu alitia kinywani maji, au maji ya miwa, au pombe, akayapuliza nje kwa rasharasha, huku akitamka baraka na kuiondoa hasira moyoni mwake. Mtaalamu wa Kimarekani, Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika habari hizi katika kitabu kilichotoka mwaka 1978, na jina la kitabu chake lasema jambo lenyewe: kuitupa hasira nje. Wazee waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni, hata ya mtu mwenye haki ya kukasirika, huweza kuwaletea jamaa ugonjwa na misiba. Kwa hiyo kunyamaza hakukutosha. Hasira ilipasa itoke.

Hatusemi, wapendwa, kwamba tuirudie desturi hiyo. Tangu J. A. Wray wa CMS alipofika Sagalla mwaka 1883, tumehubiriwa msamaha ulio katika damu ya Kristo. Lakini tujiulize: tulipoiacha kutasa, je, tuliiacha na hasira pia? Au tuliacha kutema, tukabaki kumeza?

Bwana Yesu, katika Mathayo 5:23 na 24, anatufundisha kwamba mtu akileta sadaka yake madhabahuni, kisha akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza apatane naye. Angalieni: hasemi kama wewe una neno juu ya ndugu yako. Asema kama ndugu yako ana neno juu yako. Mwenye kukosa ndiye aanze safari.

Tutawaambia lililotupata sisi wenyewe. Mwaka mmoja ndugu yetu mkubwa alikuwa amelazwa hospitali Mombasa. Sisi, tukijua hayupo, tulipanda migomba kuvuka mpaka wa shamba, hatua tatu ndani ya upande wake. Aliporudi aliona, wala hakusema neno. Sisi nasi tukajifanya hatujui. Miaka miwili ikapita bila salamu. Kanisani tulikuwa tukitoa sadaka kila Jumapili.

Ikafika asubuhi ya tarehe 31 Desemba. Tulikuwa tumeandika katika daftari mambo tutakayoyafanya mwaka mpya: kusoma Biblia yote, kuweka akiba, kuacha uvivu. Mama yetu, naye ni mzee sana, akatuuliza, “Wanangu, na ndugu yenu je, mmemwandika humo?” Tukakosa la kujibu. Adhuhuri tukapanda gari la kwenda mlimani.

Tukamkuta akipalilia. Tukamwambia, “Kaka, tulivuka mpaka nasi tukijua. Twaomba utusamehe, na sehemu ile ni yako pamoja na migomba yake.” Hakutukumbatia. Aliegemea jembe lake kitambo, kisha akasema, “Nimesikia. Migomba msiikate. Mkungu wa kwanza mpelekeeni mama.” Basi. Hakuongeza neno. Ilichukua miezi mingi kabla hajaja kwetu Voi kunywa chai. Lakini usiku ule kanisani, kengele ilipolia, tuliomba kama watu waliotua mzigo.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya mkesha tufanye mambo matatu. Kwanza, tukae peke yetu, hata kwa dakika kumi, chini ya mti au kitandani alfajiri, tumwombe Mungu atutajie jina moja. Si majina yote, moja tu. Pili, twende kwake kwa miguu yetu. Kama yuko mbali, tumpigie simu au tumwandikie. Kama amelala kaburini, tuungame mbele za Mungu na kuwatendea mema watoto wake. Tatu, tukirudi tusirudi na kitu chake. Zakayo, katika Luka 19, hakusema samahani tu. Aliahidi kurudisha mara nne. Toba isiyorudisha shamba la watu ni maneno matupu.

Labda ndugu yako atakataa. Hilo halimo mikononi mwako. Lililo mikononi mwako ni kwenda.

Tuombe. Ee Baba, mwaka umekwisha nasi tu hai kwa rehema zako. Ututajie jina lile tunaloliogopa. Utupe nauli, utupe maneno machache, utupe moyo wa kurudisha. Utuvushe mwaka bila hasira, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.