Kabla ya jembe, mpaka: maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa waliorudi

 

Komite ilituomba tuseme juu ya mbegu. Tutafika kwenye mbegu, lakini mwishoni. Kwanza tuseme juu ya udongo wenyewe, kwa sababu msimu uliopita sisi wa timu ya mashamba tulianza na mbegu, na tulikosea.

Hapa kwetu shamba halianzi na jembe. Wazee wanatuambia kwamba Wanande, au Bayira, walivuka Semliki toka upande ambao leo ni Uganda, na ndugu zao Wakonzo wakabaki kule kwenye miteremko ya Ruwenzori. Walipanda milima ya Lubero, wakalima eleusine, ndizi na maharagi. Katika bonde na msitu wa Beni walikuwako pia Wambuba, Watalinga, Wapakombe, na Wambuti ambao msitu ni nyumba yao. Ardhi ilitolewa na mkuu wa ardhi, na mwenye kulima alileta muhako wake kila mwaka, mbuzi au kuku au sehemu ya mavuno. Hakukuwa na karatasi. Karatasi ilikuwa ni jirani aliyeona mpaka ukiwekwa.

Halafu mkoloni akaja na mipaka yake. Mwaka 1925 hifadhi ya Albert iliundwa, ndiyo leo Virunga, na miaka iliyofuata ikapanuliwa. Familia nyingi zilijikuta shamba la babu limekuwa ndani ya hifadhi. Kule milimani watu walizidi kuongezeka, vipande vya ardhi vikazidi kuwa vidogo. Ndiyo maana wengi wetu tulishuka toka Lubero kuja Beni kutafuta msitu wa kulima. Tusisahau hiyo: wengi tunaoitwa wenyeji leo, babu zetu walikuwa wageni hapa na walipokelewa.

Kilimo nacho kimebadilika mara nyingi. Milimani, upande wa Butembo ambako kuna baridi, kahawa ya arabika na kinini zilileta pesa, na maharagi, viazi na mboga zililisha miji mpaka Kisangani. Wafanyabiashara wa Butembo walikua juu ya mazao hayo. Wakulima na Kanisa walichimba barabara kwa mikono, hasa wakati wa Monsinyori Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997. Huku chini Beni, robusta ndiyo ilisomesha watoto. Bei ikaanguka baada ya 1989, halafu katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kunyauka ukakausha mikahawa, shamba baada ya shamba. Watu hawakukaa kulia. Waling'oa mikahawa, wakapanda kakao.

Kakao ndiyo imetuinua, na kakao hiyo hiyo imekuwa mtego. Tangu Oktoba 2014 mauaji yametuondoa Mbau, Oicha, Eringeti, Ruwenzori na kwingine. Tulikimbia na godoro kichwani, matunda yakabaki mtini. Ebola nayo ikatangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikadumu mpaka Juni 2020, na zaidi ya watu 2,200 walikufa. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani moja. Mwenye shamba akiwa amekimbia, nani alivuna? Kila mmoja hapa ana jibu lake, na ndiyo shida tunayotaka kusema.

Msimu uliopita, katika kijiji kimoja cha upande wa Oicha, tuligawa majembe, mbegu za maharagi na miche ya kakao kwa familia zilizorudi. Tulipiga picha, tukatuma ripoti. Wiki chache baadaye familia mbili zilikutana katika shamba moja na mapanga. Moja ilipanda kakao ile kabla ya vita. Nyingine, nayo imekimbia toka kijiji kingine, ilikuta pori, ikafyeka, ikakata matawi mabaya, ikaliangalia shamba miaka mitatu. Sisi tulikuwa tumezipa familia zote mbili miche, bila kuuliza itapandwa wapi. Mama mmoja wa hapo alituambia, "Ninyi mmetuletea jembe la kupigana nalo." Hatukuwa na la kujibu.

Bahati nzuri wazee walikaa nao siku mbili. Walioona mpaka zamani waliitwa, mmoja toka Butembo. Walikubaliana hivi: shamba ni la aliyepanda, lakini aliyetunza atavuna nusu kwa misimu miwili, na atapewa kipande cha maharagi. Hakuna aliyefurahi sana, na hakuna aliyekatwa panga.

Kutokana na hayo, tunaleta mambo matatu mbele ya mkutano.

La kwanza, kabla ya kugawa kitu chochote, tutembee mpaka wa kila shamba pamoja na majirani wa pande zote, mkuu wa kijiji, na mtu mmoja wa kabila lingine kama wapo. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, lakini panapokosekana hati, ushahidi wa majirani ulioandikwa na kutiwa sahihi unasaidia sana. Na jina la mama liandikwe. Wajane wengi wamerudi wakakuta shemeji yuko ndani ya shamba.

La pili, tusiuze kakao mbichi njiani. Mwizi hana nafasi ya kuchachusha kakao karibu wiki nzima chini ya majani ya ndizi na kuianika. Anauza mbichi, haraka. Tukikubaliana kuuza iliyokauka tu, kwa kikundi, mwizi atakosa mnunuzi, na sisi tutapata bei nzuri zaidi.

La tatu ni kwa wafadhili. Miche ya kakao inangoja miaka mitatu au minne kuzaa. Mradi wa miezi sita hauwezi kuiona ikizaa. Tunaomba mlipie pia siku za wazee kukaa, nauli ya mashahidi, na karatasi. Hizo hazionekani vizuri kwenye picha, lakini bila hizo majembe yenu yatatudhuru.

Hatusemi kila mtu arudi leo. Kuna vijiji ambako bado si salama, na anayebaki mjini asiitwe mwoga. Lakini anayebaki asipoteze shamba lake juu ya kubaki. Mipaka yake nayo tuitembee.

Sasa, mbegu. Maharagi yako tayari katika depo. Yatatoka kijiji kwa kijiji, pale tu mipaka itakapokwisha kutembewa. Tunaanza Jumatatu. Kila kijiji kituletee majina ya mashahidi wake.