Mtaala Mpya, Ruzuku ya Zamani

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Tanzania Januari 2024. Unamtaka mwanafunzi atende, achunguze, abuni. Taasisi ya Elimu Tanzania imeuandaa, na ndiyo inayoandika vitabu vya kiada. Mwelekeo, basi, upo. Fedha je?

Ruzuku ya shule ya msingi, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ni kiwango kilichowekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Katika utaratibu wa elimu bila ada, 4,000 zikabakizwa serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikatumwa shuleni. Hizo 6,000 ni za chaki, karatasi, mitihani, ukarabati, hata michezo. Bei ya chaki ya wakati ule si ya leo! Mwalimu mkuu anayeagizwa afundishe kwa vitendo atanunua mizani, mbegu na rangi kwa fungu lipi? Atawageukia wazazi, na wazazi hawalingani mifuko. Mtaala mmoja unageuka miwili: wa mjini na wa kijijini.

Wabunge wanapopitia makadirio ya Wizara ya Elimu na ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), waanze na swali hili: ruzuku ya mtoto mmoja itapanda lini, na kwa kiasi gani?