Kasha la Plastiki na Neno la Mpimaji



Mstaafu mmoja alifika ofisini kwetu na sarafu tatu za fedha za Marekani, dola zile ziitwazo Morgan, kila moja imezibwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Juu ya kasha palikuwa na jina la kampuni ambayo hatukupata kuisikia, na namba: 66, 67, 67. Alikuwa amezinunua ng'ambo kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, akiambiwa kuwa ni akiba ya wajukuu. Alipotaka kuuza moja ili alipie matibabu, kila mnunuzi aliitazama sarafu, akalipuuza kasha, akataja bei isiyofika robo ya ile aliyoilipa. Sarafu zilikuwa halali. Kilichokosa ukweli ni ile namba.

Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kale za nchi yake: 1 ni sarafu iliyochakaa hata kusomeka ni taabu, 70 ni ile isiyo na kasoro. Leo kipimo hicho hutumika kwa sarafu za kila aina. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikupata kupita mikononi mwa watu, na humo ndimo fedha za wengi hupotelea. Kati ya 63 na 65 kuna mikwaruzo michache tu na mng'ao kidogo, jambo ambalo jicho lisilozoea halilitambui. Lakini kwa dola adimu kama ile iliyopigwa Carson City mwaka 1889, tofauti hiyo ni maelfu mengi ya dola.

Kampuni mbili za Marekani, PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC iliyofuata mwaka 1987, ndizo zilizoeneza desturi ya kumpa sarafu mpimaji asiye muuzaji wala mnunuzi, kisha kuifunga katika kasha. Hata hivyo, daraja hubaki kuwa maoni ya watu wenye ujuzi. Mwaka 1990 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishitaki PCGS yenyewe, ikidai kuwa matangazo yake yalizidisha sifa za upimaji wake. Shauri likamalizwa kwa makubaliano. Ikiwa kampuni kubwa ilihitaji kukumbushwa hayo, ndogo isiyojulikana yatupasa kuiuliza mara mbili.

Swali la kwanza ni hili: kampuni ikikosea, nani hulipa? Inayojiamini huandika dhamana kwamba sarafu ikithibitika kuwa bandia, au daraja lake likithibitika kuwa limepandishwa kupita kiasi, mwenye mali atafidiwa kwa fedha. Ombeni maandishi hayo, myasome hadi mwisho. Ahadi ya kubandika lebo mpya si fidia. Ulizeni pia mwenye kampuni ni nani. Anwani ya mpimaji ikiwa ndiyo anwani ya duka linalouza sarafu hizo hizo, hapo muuzaji anajipimia bidhaa yake kwa mizani yake.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni bei za mauzo yaliyokwisha kufanyika. Nyumba kubwa za mnada, kama Heritage ya Dallas, huweka wazi kumbukumbu za bei zake. Tafuteni sarafu ya mwaka ule ule, ya kiwanda kile kile na ya daraja lile lile, mlinganishe bei iliyopatikana katika kasha la kampuni mnayoichunguza na ile iliyopatikana katika kasha la NGC au PCGS. Sarafu yenye 67 ya kampuni hiyo ikiuzwa kila mara kwa bei ya 63 ya wengine, soko limekwisha kuihukumu. Msichukue bei inayotajwa na muuzaji. Hiyo ni ombi tu. Na mkikosa kabisa mauzo ya kulinganisha, kukosekana huko nako ni habari.

Udogo peke yake si kosa. ANACS na ICG hazina ukubwa wa zile mbili, lakini wanunuzi wanazijua na kuziheshimu. Kinyume chake, makasha ya kampuni kubwa nayo yamekuwa yakighushiwa, hivyo namba ya cheti sharti ihakikiwe kwa kampuni yenyewe, na picha iliyohifadhiwa, ikiwapo, ilinganishwe na sarafu iliyo mkononi.

Nasi huku jambo hili latuhusu. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipiga mjini Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Wakusanyaji wa dunia nzima huitafuta, na bandia zake zipo. Aliyerithi moja asikubali kumkabidhi wakala mpita njia anayeahidi kuipeleka kwenye kampuni ya bei nafuu. Kwanza aipeleke kwa sonara aipime uzito mbele yake. Halisi huzidi kidogo gramu 7. Uzito ukiwa sawa bado si uthibitisho, ila ukipungua sana, ada ya kusafirisha imeokolewa. Wala asiisugue kwa ndimu au majivu ili ing'ae: wapimaji makini huitambua sarafu iliyosuguliwa, huinyima namba na kuandika kasoro yake kwenye lebo. Kampuni inayoipa sarafu kama hiyo 65 safi imejieleza yenyewe.

Mstaafu wetu aliuza sarafu moja kwa bei ya soko, nyingine mbili anazo. Barua tuliyoiandikia kampuni iliyozifunga ilirudi baada ya wiki sita na muhuri wa posta: mwenye anwani hajulikani.