Bahati ya Mchimbaji na Bahati ya Elektroni



Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu anaposhuka duarani, yaani shimoni, hajui kama mwamba ulio mbele yake una dhahabu. Atasoma rangi ya jiwe, atasaga kidogo na kuosha kwenye karai, kisha atakisia. Lakini jambo moja hana shaka nalo: dhahabu ama ipo ama haipo, na imekuwa hivyo tangu zamani. Asiyejua ni yeye. Mwamba wenyewe hauna mashaka.

Einstein alitaka ulimwengu wote uwe hivyo. Mwaka 1935 yeye, Podolsky na Rosen walidai kwamba bahati nasibu ya fizikia ya kwantamu ni dalili ya nadharia iliyopungua: majibu ya kila kipimo yapo, hatujayafukua tu. Bohr alikataa. Ubishi ulionekana wa wanafalsafa, usio na mizani, hadi John Bell alipoonyesha mwaka 1964 kwamba unapimika.

Kipimo kimojawapo kinatugusa sisi majirani wa mgodi wa almasi wa Mwadui, kwa sababu kilifanywa kwa almasi (za maabara, si zetu). Mwaka 2015, Delft, Uholanzi, watafiti waliweka vipande viwili umbali wa kilometa 1.3. Ndani ya kila kimoja kuna kasoro: naitrojeni imekaa mahali pa kaboni, na pembeni yake pako wazi. Elektroni za kasoro hizo zilifungamanishwa, kisha kila upande ukapimwa, yaani ukaulizwa swali lililochaguliwa kwa nasibu, upesi kiasi kwamba hata mwanga usingewahi kupeleka habari ng'ambo kabla jibu halijatoka. Kama majibu yalikuwemo tangu awali, na upande mmoja hauathiri mwingine, namba ya Bell, inayopima uhusiano wa majibu ya pande mbili, haivuki 2. Walipata takriban 2.4.

Hapo elektroni inaachana na mwamba wa Nyarugusu. David Bohm, mwaka 1952, aliyarudisha majibu yaliyofichika, lakini ilimbidi akubali vitu vilivyo mbali viathiriane papo hapo. Kwangu hiyo ni bei kubwa. Naegemea kwa Bohr, ingawa maandishi yake yanachosha kuliko hesabu zake.

Sasa nije kwenye kilichonisukuma kuandika. Kanda ya Ziwa bahati ina soko. Waganga wamewauzia wachimbaji uongo kwamba utajiri hununuliwa kwa viungo vya binadamu, na watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili hiyo, hasa kuanzia miaka ya 2007 na 2008. Leo utamsikia hata msomi akisema kwantamu imethibitisha kuwa vitu vya mbali vimeunganishwa, kwa hiyo ndumba zina msingi. Hazina. Katika jaribio lile hakuna aliyeweza kuchagua jibu litakalotoka. Ukitazama upande mmoja peke yake unaona nusu kwa nusu, hata lifanyike lolote ng'ambo. Uhusiano unaonekana pale tu matokeo ya pande zote yanapokutanishwa mezani. Kwa njia hiyo hutumi hata neno moja, sembuse kuvuta dhahabu iingie shimoni kwako.

Napendekeza sisi walimu tulifundishe hili bila kungoja chuo kikuu. Toleo jepesi la hoja ya Bell linahitaji uwezekano wa hisabati ya kidato cha nne, jedwali moja na sarafu kadhaa. Vipindi viwili vya mchana vinatosha.