Picha za Wachoraji Wakubwa Katika Sinema

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanakisomo na wanakijiji wengine kabla ya kuonyeshwa sinema usiku)



Kabla hatujawasha mashine naomba dakika chache. Leo mchana tulipokuwa tunafunga shuka kwenye miti hii miwili, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sinema ya leo ina nini?" Nikamjibu, "Ina picha za kuchora. Moja ni ya mwanamke anayemimina maziwa." Mzee akacheka sana. Akasema, "Mwanamke anayemimina maziwa ninaye nyumbani. Sasa nikeshe hapa kwa ajili ya picha yake?"

Swali hili ni la haki. Basi nimeona nilijibu mbele ya watu wote.

Sinema tuliyoizoea ni ya hadithi. Watu wanapigana, wanapendana, mwisho mbaya anakamatwa. Lakini kuna sinema za mambo ya kweli. Wenye umri wangu mnalikumbuka gari la sinema. Lilikuja likasimama kiwanjani, tukaonyeshwa namna ya kupanda mazao kwa mistari na kuchemsha maji ya kunywa. Watoto waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya shuka. Huko nyuma waliona kila kitu kimegeuka, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto! Sinema ya leo ni ndugu ya zile. Ila hii inaonyesha kazi za wachoraji.

Kazi ya namna hii haikuanza jana. Mwaka 1948 Mfaransa mmoja, Alain Resnais, alitengeneza sinema fupi juu ya Vincent van Gogh. Huyu van Gogh alikuwa mchoraji wa Uholanzi, akafariki mwaka 1890. Katika sinema ile hakuna mtu anayeigiza. Unaona picha zake tu, moja baada ya nyingine, huku maisha yake yanasimuliwa. Lakini jamani, sinema yenyewe haikuwa na rangi! Van Gogh aliyependa manjano ya alizeti, manjano yake yote ikaonekana kama majivu. Hata hivyo watu waliipenda, ikapata tuzo kubwa ya sinema kule Marekani mwaka 1950.

Mwaka 1956 ikatoka nyingine. Mtengenezaji alikuwa Henri-Georges Clouzot, na mchoraji alikuwa Pablo Picasso, mtu wa Hispania aliyeishi Ufaransa. Walifanya hila moja nzuri. Walitumia karatasi na wino unaopenya mpaka upande wa pili. Picasso akachora upande huu, na kamera ikawekwa upande ule, kama wale watoto wetu nyuma ya shuka. Mtazamaji haoni mkono wala kalamu. Anaona mstari unatokea wenyewe na kutembea. Linatokea ua. Punde ua linakuwa samaki, samaki anakuwa kuku, na mwisho ni uso. Mimi naona hakuna sinema ya wachoraji iliyoishinda ile, maana unaona jinsi mtu anavyobadili nia katikati ya kazi.

Sasa tuje kwenye maonyesho. Maonyesho ya picha ni nini? Picha za mchoraji mmoja huwa zimetawanyika. Moja iko Ufaransa, nyingine Marekani, nyingine iko kwa tajiri fulani. Jumba moja linaziazima zote na kuzitundika pamoja kwa miezi michache. Kisha kila picha inarudi kwa mwenyewe. Aliyechelewa amekosa, na pengine hatapata tena nafasi hiyo maisha yake yote.

Novemba 2011 yalifunguliwa maonyesho ya Leonardo da Vinci katika jumba la National Gallery, London. Watu waliotaka kuingia walikuwa wengi kuliko nafasi. Basi maonyesho yale yakarushwa moja kwa moja mpaka katika majumba ya sinema ya Uingereza, kama mpira unavyorushwa. Mwingereza Phil Grabsky, aliyekuwamo katika kazi ile, aliendelea pamoja na wenzake. Tangu mwaka 2013 wamekuwa wakitoa sinema moja baada ya nyingine juu ya wachoraji na maonyesho, nazo zinaonyeshwa katika nchi nyingi.

Ya leo ni mojawapo. Ilitoka mwaka 2023, na mwongozaji wake ni David Bickerstaff. Inamhusu Johannes Vermeer.

Vermeer alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi. Alichora polepole mno. Kazi zake zinazojulikana leo hazifiki 40. Alipenda rangi ya buluu iliyotengenezwa kwa jiwe lililotoka mbali, Afghanistan, nalo lilikuwa ghali sana. Lakini mfukoni hakuwa na kitu. Alikufa mwaka 1675 akiwa na umri wa miaka 43, akaacha mjane, watoto 11 na madeni. Deni moja lilikuwa la mikate. Mjane akampa mwoka mikate picha mbili ziwe rehani ya deni hilo. Fikirini, mama zangu! Leo hata mfalme hawezi kununua picha ya Vermeer kama anavyonunua ng'ombe.

Jumba la Rijksmuseum la Amsterdam lilikusanya picha zake 28. Hazijapata kukusanywa nyingi hivyo tangu dunia iumbwe, hata Vermeer mwenyewe hakuziona zote pamoja. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 10 Februari 2023. Siku chache tu, tiketi zikaisha. Watu 650,000 waliingia. Picha moja mashuhuri, ya msichana mwenye hereni ya lulu, ilirudishwa kwao The Hague mwishoni mwa Machi, kwa hiyo waliokuja Aprili hawakuikuta. Tarehe 4 Juni mlango ukafungwa, na zile nyingine nazo zikaanza safari ya kurudi makwao.

Basi sisi wa hapa tungefanyaje? Nauli ya ndege hatuna, na hata tungekuwa nayo, tiketi ziliisha. Ndiyo maana tumefunga shuka.

Lakini sitaki kuwadanganya. Sinema si picha yenyewe. Huyo mwanamke wa maziwa mtamwona hapa mkubwa kupita mlango. Picha ya kweli haifiki nusu mita, unaweza kuibeba kwapani. Tena rangi ya kweli ina unene wake, imevimba hapa, imelala pale. Shuka halina hayo. Na kuna jambo lingine. Ukisimama mbele ya picha, macho ni yako, unatazama unapotaka. Katika sinema anayetazama kwanza ni mwenye kamera, wewe unamfuata. Akiondoka, nawe umeondoka. Na wataalamu wa humo nao wanasema mno! Maneno yao ni ya Kiingereza, nitayatafsiri kwa ufupi. Pengine nitawaacha waseme peke yao.

Sasa swali la mzee. Zamani zile mtu wa kuchorwa peke yake alikuwa zaidi tajiri, askofu au jemadari. Huyu ni mtumishi wa jikoni. Mikono yake imebadilika rangi kwa jua na kazi. Mezani pana mikate, yeye anamimina maziwa taratibu na hatutazami kabisa, yuko na kazi yake. Vermeer alimtazama mwanamke huyu kwa makini ambayo wengine waliwawekea wafalme. Mwaka 2022 wataalamu walipima picha hiyo kwa mashine zinazoona chini ya rangi. Wakagundua kwamba nyuma ya kichwa chake palichorwa ubao wa kutundikia majagi. Baadaye Vermeer akaufuta kwa rangi, akaacha ukuta mtupu. Ukuta kweli ni mtupu, lakini si safi. Una matundu, kama ukuta wa jikoni yeyote.

Mzee wangu, njoo ukae hapa mbele. Picha hiyo itakapotokea, usihangaike na maziwa. Tazama ukutani, kule juu. Kuna msumari mmoja, na msumari una kivuli chake. Nitasimamisha mashine hapo mpaka kila mtu auone.

Haya, kijana, washa jenereta. Na watoto walioko nyuma ya shuka, waacheni wakae.