Helmeti ivaliwe, baiskeli isiachwe

Msikilizaji, helmeti hukinga kichwa. Mwendesha baiskeli anapoanguka, helmeti hupunguza uwezekano wa kuumia vibaya ubongo. Swali ni je, sheria imlazimishe kila mtu kuivaa?

Jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza duniani kufanya hivyo, Julai 1990. Majeraha ya kichwa yalipungua. Lakini hesabu zilizofanywa mjini Melbourne zilionyesha kuwa waendesha baiskeli nao walipungua, hasa vijana. Hapo ndipo penye hasara: anayeiacha baiskeli hukosa mazoezi yanayomkinga na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, ambayo huua watu wengi zaidi kuliko ajali za baiskeli.

Uholanzi, badala ya kulazimisha helmeti, ilichagua kujenga njia za baiskeli. Wengi huko hawavai helmeti, lakini wana njia zao zilizotengwa na magari, na nchi hiyo ni miongoni mwa zilizo salama zaidi kwa baiskeli.

Mzazi, mvalishe mwanao helmeti. Mtu mzima, nawe ivae. Ila serikali isidhani faini kwa wasioivaa inatosha. Ijenge kwanza njia za baiskeli.